Mungu Anipofue

Dada yangu Annis aliolewa na mtu aliyekuwa akishangaa kwa sauti. Nyumbani kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Sisi watu wa Colne, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na hasa sisi wa kanisani, tulilelewa kushangaa kwa nyusi. Ukisikia fulani kafa, unainua nyusi. Ukisikia fulani kajifungua na mumewe yuko vitani Misri mwaka wa pili, unainua nyusi zaidi. Mdomo ulikuwa wa nyimbo za dini na wa chai.

Aliyetulea hivyo ni baba. Jina lake Enoch Holgate, fundi wa mashine katika kiwanda cha kufuma pamba. Siku sita mikono yake ina grisi, siku ya saba iko juu ya mimbari. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mhubiri wa kujitolea, mmoja wa wale wanaotumwa Jumapili kwenye makanisa madogo ya milimani, wakaenda kwa miguu, iwe mvua au theluji. Hakusoma sana, ila alichokisoma alikishika, na alichokishika kuliko vyote ni ile amri ya kutolitaja bure jina la Mungu.

Wengi huishika amri hiyo kwa kutotukana. Baba aliifuata mpaka kwenye mizizi. Alikuwa akisema Waingereza ni watu waoga tena wajanja: wanataka kuapa kwa jina la Mungu, lakini wanaogopa radi, basi wanalipinda kidogo, wanalikata mkia, halafu wanajifanya hawakulitaja. Mtu wa kwetu akishangaa husema “ba gam”. Baba atamuuliza, “Gam ni nani? Ni Mungu huyo, umemvisha kofia tu.” Wavulana wakisema “kraiki”, atasimama katikati ya barabara: “Hilo ni jina la Kristo, umelivunja shingo.” “Stru” kwake ilikuwa kweli ya Mungu iliyokatwa kichwa, na “hek” ilikuwa Jehanamu iliyopakwa sukari. Siku moja Annis, akiwa mdogo, alibanwa kidole na mlango akalia “Aaa!” Kisha akageuka kumtazama baba, aone kama Aaa nayo ina mzizi.

Mama yetu, Zillah, ndiye peke yake aliyekuwa na kauli yake ya mshangao, na baba aliichunguza miaka mingi asimpate Mungu ndani yake. Akiletewa habari kubwa, mama husema: “Basi mie nakwenda mpaka chini ya ngazi yetu!” Watu wazima wengi wa kwetu walisema hivyo, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Nilimuuliza.

“Sijui, mwanangu,” alisema. “Mama yangu alikuwa akisema. Labda mtu ukishangaa sana miguu inataka kwenda mahali, na nyumba zetu hizi ndogo hazina pengine pa kwenda.”

Len Purkiss alikuja baada ya kile kipupwe kikubwa cha mwaka arobaini na saba, barafu ilipoyeyuka na baraza la mji likaanza kujenga nyumba mpya juu ya kilima. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, mtu wa Bermondsey huko London. Mtaa wao ulikuwa umefagiliwa na mabomu, na mama yake na bibi yake wamo ndani. Alipanga chumba kwa mjane wa jirani yetu. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, nguo zake nyeupe kwa chokaa toka Jumatatu hadi Jumamosi, na kila kitu cha kwetu kilimshangaza. Mvua yetu ilimshangaza. Kondoo barabarani walimshangaza. Na kwa kila kimoja alikuwa na neno lile lile: “Blaimi!”

Annis alikuwa mfumaji. Wafumaji kelele za mashine huwaua masikio mapema, kwa hiyo hujifunza kusoma midomo. Aliniambia alimpenda Len kwa midomo kabla ya kuisikia sauti yake. Alikuwa dirishani asubuhi moja, akamwona kijana upande wa pili wa barabara ameinua uso kuutazama mlima Pendle, ukungu ukiondoka. Midomo yake ikatamka neno ambalo dada hakulijua.

“Nilidhani anasali,” aliniambia.

Walianza kutembea pamoja Jumamosi, na ilipofika majira ya joto mama akasema kijana aje kwa chai ya Jumapili. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Bado tulikuwa kwenye mgawo wa chakula wa wakati wa vita. Mama alitoa vipande vya nyama ya paja, vyembamba kiasi cha kuona maua ya sahani kupitia kwavyo, kisha akaleta bakuli la kioo. Ndani yake kulikuwa na nanasi la kopo. Kopo lile lilikuwa kabatini tangu kabla ya vita. Tulikuwa tumelipangusa vumbi miaka yote hiyo kama picha ya marehemu.

Len aliliona akasahau yuko wapi. “Blaimi!” alisema. “Nanasi!”

Baba akaweka uma wake chini.

“Kijana, unajua ulichosema?”

“Nimesema nanasi, mzee.”

“Kabla ya nanasi.”

Len akamtazama Annis, Annis akatazama kitambaa cha meza. “Blaimi?”

“Unajua maana yake?”

“Maana yake… ni kama kusema aisee. Jamani. Haina maana sana, mzee. Inatoka tu.”

“Maana yake ni ‘Mungu anipofue’,” baba alisema. “Babu zenu walikuwa wakila kiapo: kama nasema uongo, Mungu anipofue macho yangu. Wakakizoea. Wakakifupisha. Wakalimeza jina la Mungu, wakaibakiza laana mdomoni. Na wewe umekaa mezani kwangu ukamwomba Mungu akutoe macho kwa sababu ya tunda la kopo.”

Len alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa dhati, maana alitaka kumpendeza.

“Lakini mzee, bibi yangu alilisema kila siku ya maisha yake, na alipofika themanini alikuwa anaona kiroboto kwenye paka wa jirani.”

Mama alipaliwa, akaufunika uso kwa aproni, mabega yakamtetemeka. Baba hakucheka.

“Mungu ana subira,” alisema. “Subira si kusahau.”

Baada ya hapo Len alijitahidi kuliacha, kwa ajili ya Annis. Mtu asidhani ni rahisi. Neno la namna ile halikai kichwani ukalifukuza. Linakaa kooni, na linatoka kabla mwenyewe hujaamka. Alibuni ujanja: likimponyoka, analigeuza katikati. “Bla… blanketi!” Akiona upinde wa mvua, “Blanketi!” Akijigonga nyundo, “Blanketi!” Mafundi wenzake wakampa jina la Bwana Blanketi, na Jumamosi wakati wa mpira walimwita hivyo toka upande wa pili wa uwanja. Baba aliipima ile blanketi, akaona ni blanketi tu. Mwaka uliofuata akakubali wafunge ndoa, na mwenyewe akaongoza sala.

Wakapata nyumba chini ya kilima, chumba juu na chumba chini, na kwa miaka mitatu sijapata kuona watu waliofurahi kama wale. Annis, aliyelelewa kwa nyusi, alijifunza kucheka na mdomo wazi. Nikienda kwao jioni namkuta Len anamwigiza msimamizi wa ujenzi, na dada yangu ameegemea sinki hajiwezi. Nyumbani kwake, baba asipokuwepo, Len hakugeuza neno lake. Annis alikuwa amemwambia, “Hapa ndani shangaa upendavyo.”

Vuli ya mwaka hamsini na moja Annis alikuwa na mimba. Kule juu kwenye nyumba mpya mafundi walikuwa wanazima chokaa kwenye pipa. Chokaa ile huingizwa majini kidogo kidogo, maana ikikutana na maji huchemka kama chungu cha shetani. Asubuhi ile mtu mmoja mgeni wa kazi, mwenye haraka, akamwaga mabonge yote kwa mkupuo. Len alikuwa ameinama aone imefika wapi. Pipa likatema, likampiga usoni, macho yote mawili.

Walimmwagia maji, wakampeleka hospitali Burnley ndani ya lori la matofali. Baadaye watu wa kanisani waliwauliza mafundi kwa pembeni: alipiga ukelele gani? Ninajua walichotaka kusikia. Mafundi waliwaambia kweli. Alimwita Annis.

Bandeji zilikaa wiki nyingi. Zilipofunguliwa, jicho la kushoto liliona mwanga kama dirisha lenye barafu, na Annis akaja nyumbani analia kwa furaha. Kabla ya Krismasi na ule mwanga ukawa umezimika.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya ilikuwa zamu ya baba kuhubiri kanisani kwetu wenyewe. Nilikaa upande huu, mama upande ule, Annis katikati, tumbo lake kubwa chini ya koti. Len alikuwa amebaki nyumbani. Bado hakutaka kuongozwa mbele za watu. Baba akasoma lile andiko la apandacho mtu ndicho avunacho. Akazungumza juu ya ulimi. Alizungumza vizuri, alikuwa na sauti. Halafu akasema, bila kumtaja mtu:

“Yuko kijana miongoni mwetu aliyemwomba Mungu neno kwa mzaha, akamwomba kila siku, asubuhi na jioni. Na Mungu, ambaye hana mzaha, amemjibu.”

Hakuna aliyegeuka. Watu wa kwetu hawageuki. Lakini nilizisikia shingo zote zikijizuia.

Annis akasimama. Kwetu mtu hasimami mhubiri akihubiri, labda awe anazimia. Alishika mgongo wa benchi la mbele.

“Hakumwomba Mungu kitu,” alisema. “Alikuwa anashangaa tu.”

Akatoka. Sakafu ya kanisa ilikuwa ya mbao, na viatu vyake vilisikika mpaka mlangoni, polepole, kwa ule mwendo wa mja mzito. Baba akangoja mlango ufungwe, kisha akamalizia hotuba yake.

Tuliporudi nyumbani mama akampakulia baba chakula chake: nyama, viazi, kabichi, mchuzi. Akakiweka mezani. Yeye hakukaa. Alikwenda kwenye ngazi yetu, akaketi kidato cha chini kabisa na kofia yake ya kanisani kichwani, mikono juu ya magoti. Nikamwambia, “Mama, njoo ule.” Baba naye alimwita mara moja. Alikaa pale mpaka giza likaingia na ikabidi nimwashie taa, na safari hiyo hakusema kauli yake wala kauli nyingine yoyote.

Avril alizaliwa majira ya kuchipua. Len alimsoma kwa vidole, pua, kidevu, masikio. “Maskini, amechukua masikio yangu,” alisema, nasi tukacheka kupita kiasi, kwa sababu hakuwa amefanya mzaha kwa muda mrefu. Len akapatiwa kazi ya kusuka vikapu kwenye karakana ya wasioona. Annis akarudi kwenye mashine zake. Kanisani hakutia mguu tena, na kwa baba hakwenda. Wakikutana dukani, dada anatazama unga. Mama ndiye aliyekuwa daraja; kila Alhamisi alipita njia ya nyuma na pai chini ya kitambaa, na baba alijifanya hajui pai moja imekwenda wapi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Len. Si upofu wake, maana vipofu nimewaona wenye kelele na mizaha. Huyu alinyamaza. Lile neno halikutoka tena, wala blanketi. Ukimletea habari, hata iwe kubwa namna gani, anaitikia kwa kichwa, “Ahaa.” Alikuwa kama mtu aliyeketi kando ya mbwa mkali aliyelala, anayeogopa kumwamsha.

Usiku mmoja, Annis aliniambia, Len alimuuliza kitandani.

“Annis. Unadhani ni kweli alivyosema baba yako?”

“Wewe! Kama ni kweli, basi Bermondsey nzima ingekuwa inapapasa kuta. Madereva wa mabasi, wauza samaki, mapolisi. Nani angeendesha basi?”

Len alicheka kidogo. “Kweli. Nani angeendesha basi.” Kisha akaongeza, “Labda Mungu huchagua mmoja tu. Kwa mfano.”

“Lala, Len.”

“Hata mwalimu hapigi darasa zima.”

“Nimekwambia lala.”

Mama alikufa Avril akiwa na miaka miwili. Moyo. Makaburini Annis alisimama upande mmoja wa shimo na baba upande wa pili, na pai za Alhamisi zikawa zimekwisha. Mimi nilibaki na baba, sikuolewa, nikampikia.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo hasa iliyovunja nyumba ile. Siyo ile ya chokaa, wala ile ya mahubiri. Avril alikuwa na miaka minne, anacheza nje na watoto wa mtaa na kuokota maneno yao. Mvua ya mawe ikanyesha ghafla, mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Annis alikuwa jikoni anamenya viazi, Len yuko kitini karibu na moto. Mtoto akaingia mbio, nywele zimelowa, amebeba jiwe la barafu kwenye viganja viwili.

“Mama! Mama, tazama! Blaimi!”

Annis akampiga kibao mdomoni.

Hakufikiri. Aliniapia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Jiwe la barafu likaanguka sakafuni likavunjika, na mtoto, ambaye hakuwa amepigwa hata siku moja, alisahau hata kulia.

“Nani amepigwa?” Len aliuliza.

Akanyoosha mkono hewani, akimtafuta mtoto.

“Avril? Mama amekupiga? Umefanya nini, kipenzi?”

“Nimesema blaimi,” mtoto akasema, na hapo ndipo kilio kikatoka.

Len aligeuza uso kuelekea jikoni, mahali alipojua Annis amesimama. Dada yangu alisema, angekasirika, angetupa kitu, ingekuwa afadhali. Alizungumza taratibu.

“Kumbe na wewe,” alisema. “Miaka yote hii, mpaka madereva wa mabasi ukanihesabia. Kumbe na wewe.”

Annis alifungua mdomo amwambie hapana, na hapana haikuja. Ilikuwa kweli. Alikuwa amemkimbia baba, amelikimbia kanisa, na kumbe ile hofu ameibeba mwenyewe kama mimba, wala hakujua mpaka mkono ulipoinuka.

Jioni ile ile, sisi tuko kwenye chai, mlango wetu ukafunguliwa bila kubishwa. Annis akapita mbele yangu na aproni yake ya viazi, hadi mbele ya baba. Miaka minne na zaidi hawakuwa wamesema neno.

“Umenitia nini?” alimuuliza.

Baba akainuka nusu. “Kuna nini? Mtoto mgonjwa?”

“Nimempiga mwanangu mdomoni kwa sababu ya neno lako. Mume wangu anajua sasa kwamba namwona amelaaniwa. Nakuuliza, umenitia nini?”

Alimsimulia yote, amesimama. Baba alikuwa amekwisha kuwa mzee kufikia hapo, shingo imelegea kwenye kola. Aliketi tena. Nilidhani ataleta andiko. Badala yake akasema:

“Siku ile ya ajali nilifika hospitali kabla yako. Hujui. Msimamizi alinipigia simu kiwandani. Nilimwona kabla hawajamfunga bandeji. Alikuwa anawaomba radhi wauguzi kwa kuchafua shuka.” Akasogeza kikombe chake kando. “Nilirudi kwa miguu toka Burnley. Njia nzima namuuliza Mungu, kwa nini huyu? Kijana mwema. Anampenda binti yangu. Sikujibiwa. Na mimi miaka thelathini nimesimama pale juu nikiwaambia watu hakuna litokealo bila sababu. Ikanibidi nipate sababu. Ile ndiyo iliyokuwa karibu.”

“Ukamtwika yeye.”

“La sivyo ningemtwika Mungu.”

“Ungemtwika Mungu,” dada yangu alisema. “Ana mabega. Len alikuwa na macho tu, na yameshakwisha.”

Baba akatazama mikono yake. “Nifanye nini?”

“Siyo mimi wa kuambiwa. Mwambie yeye.”

Alikwenda Jumamosi. Nilimpigia kofia brashi, akaivua kabla hata hajafika kwenye kona. Aliyotenda humo ndani nimeyapata kwa Annis, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na mtoto mapajani, anasikia yote. Baba hakukubali kiti.

“Len,” alisema, “nilisema uongo mimbarani. Mungu hakukufanya hivyo. Ni mtu mwenye haraka na pipa la chokaa.”

Len alikuwa na kikapu magotini, vidole vinaendelea kusuka.

“Umechelewa kidogo, mzee.”

“Najua.”

“Sikusemi kwa ubaya. Ila mwenzio nilishazoea. Nilikuwa najiambia, haya, Purkiss, uliomba mwenyewe, usilalamike. Unajua, inasaidia. Lilikuwa giza lenye sababu.” Akakata kipande cha ukindu kilichozidi. “Sasa umeniondolea sababu. Nimebaki na giza.”

Ndipo baba akaketi, bila kukaribishwa tena. Annis alisema walikaa hivyo wanaume wawili, saa nzima, mmoja anasuka, mwingine ana kofia mkononi, na kilichosikika ni moto tu. Mwisho Len akauliza, “Lancashire walifanyaje kwenye kriketi?” Baba hakujua. Hakuwahi kujali kriketi. Alinunua gazeti njiani kurudi, na Jumamosi iliyofuata akalipeleka.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Kila Jumamosi alimsomea gazeti mwanzo hadi mwisho, mpaka matangazo ya mbegu na ya mbwa waliopotea. Sitasema walipatana. Sitasema pia Annis alimsamehe. Alimpa chai, akamwekea maziwa kama apendavyo. Kati yake na Len ndiko kulikokuwa na jambo ambalo hakuna gazeti lingelifikia. Walikuwa wapole mmoja kwa mwingine, wapole mno, kama watu waliobeba kabati la vioo kwenye ngazi nyembamba. Annis alimwambia mara nyingi kwamba haamini tena. Len alimjibu kila mara, “Najua, mpenzi.” Na yeye, msomaji wa midomo, aliona midomo ile inasema jambo moja na uso unasema jingine.

Len alifariki Februari ya mwaka sitini na mbili. Kifua, vumbi la miaka ile ya lipu lilimdai. Alipozidiwa, Annis alipanda kitandani upande wake na viatu vyake miguuni, akamwambia sikioni, “Shangaa, Len. Shangaa upendavyo, mimi sitaki kitu kingine.” Aliniambia alimwona anajaribu. Midomo ilikutana mara moja, kama ya mtu anayeanza herufi B. Pumzi haikutosha.

Makaburini upepo ulikuwa mkali. Mchungaji, kijana mgeni asiyejua habari zetu, akaona mhubiri mzee wa siku nyingi amesimama pale, akamwomba kwa heshima aombe sala ya mwisho. Baba akasogea mbele. Akavua kofia, nywele zake chache zikasimama. Akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Mtu yule aliyejua mzizi wa kila neno alisimama mdomo wazi, na hakuna kilichotoka, si jina la Mungu, si jina la Len. Tulingoja. Annis naye alingoja, uso wake hausomeki. Mwisho akamshika mkono wa koti.

“Basi,” alisema. “Njoo. Pana utelezi.”

Mchungaji akamalizia mwenyewe.

Baba hakuhubiri tena, na alituacha mwaka uliofuata. Annis alifuma mpaka kiwanda kikafungwa, akaishi peke yake nyumba ile ile, haendi kanisani, hamsemi mtu vibaya. Avril yuko Kanada siku hizi, ni mke wa mtu na ana watoto watatu. Nilikwenda kumwona mara moja. Jioni moja mwanawe mkubwa aliingia na barua ya kukubaliwa chuoni, anaruka ruka, na Avril, kabla hata sauti haijafika mdomoni, akaufunika mdomo wake kwa viganja viwili na kuubana. Watoto walimcheka. Waliniambia mama yao yuko hivyo siku zote. Wanadhani ni adabu za kwetu.